Nani Asimame Chini ya Daraja la Kabweza

Nilitoka Kalemie kwa sababu Chama cha Wahandisi kilikuwa kimepata habari ya kutangaza, na hakikuwa na mtu wa kuiandika. Kwa miaka mingi habari zao zilikuwa mikutano tu: mkutano wa kuandaa mkutano, kisha shukrani kwa waliohudhuria. Safari hii kulikuwa na daraja, daraja kweli, la zege, juu ya mto wa Kabweza, mbele ya Nyunzu. Prezida wa chama, mzee mwenye sauti ya redio, alinikuta nikiwasomea wenzangu sura ya riwaya yangu. Akangoja nimalize, akasema: "Kijana, wewe unajua kusifu ziwa. Njoo usifu na daraja." Nikakubali. Riwaya hainilishi.

Aliyelijenga ni Mama Riziki, mhandisi wa rika langu, aliyekaa Kabweza kiangazi chote akilala katika darasa la shule. Lakini chama kilikuwa bado kinamwita stajiere, mtu wa kujifunza kazi. Sheria yao inasema stajiere hawi mwanachama kamili mpaka awe na kazi yenye jina lake. Na asipokuwa mwanachama kamili, kila mchoro wake huazima sahihi ya mtu mwingine. Mchoro wa Kabweza uliazima sahihi ya Prezida.

Asubuhi ya kuondoka, jua lilipanda juu ya ziwa, likatukuta bado tunabishana gari la nani litangulie. Lilipoanza kuchoma, ikaamuliwa kwamba wazee watangulie, na vumbi liwe la vijana. Mama Riziki aliwekwa gari la nyuma pamoja nami, kati ya kreti za soda na bamba la marumaru lililofungwa ndani ya blanketi.

"Umesoma iko nini juu yake?" nilimuuliza.

"Hapana. Lakini nasikia uzito yake."

Njiani, baada ya ziwa kuzama nyuma ya vilima kama jicho linalofumbwa, tulikuta shimo katikati ya barabara. Magari yote yalisimama. Wahandisi walishuka wakalizunguka shimo, mikono nyuma, kama wafiwa kaburini. Mmoja alilipima kwa mwavuli. Prezida akatangaza kwamba shimo hili ni la zamani, na wote wakaafiki. Walipanda magari yao, na gari la kwanza likatumbukia humo humo. Tulilisukuma sisi wa vumbi.

Nyunzu tulifika jioni. Mama Anastasie, mwenye nyumba ya wageni, alituandalia bukari, ule ugali wa kwetu, na samaki, akamkumbatia Mama Riziki kabla ya kumsalimu mtu mwingine.

"Munaenda kufungua daraja ya huyu mutoto?" aliuliza. "Alikuwa anapita hapa na sima ya zege ndani ya kamyo, vumbi mpaka ndani ya masikio. Miye njo nilikuwa namupashia maji."

"Chini ya uongozi wangu, Mama," Prezida alisema, akijipakulia samaki.

"Ah! Na wewe Papa ulikuwa unapita saa ngapi? Sikukuonaka."

Wahandisi walikula kwa bidii kubwa.

Kabweza, siku ya pili, kijiji kizima kilikuwa mtoni. Kila masika mto ule huwafungia watu wake ndani, mihogo ikaozea upande mmoja na wagonjwa wakangojea upande huo huo. Ng'ambo kulikuwa na kamyo, lori lililojaa mihogo, mbele yake dereva, Papa Kasongo, mtu mnene mwenye kofia ya sufu. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunuka hewani.

Hotuba zilikuwa ndefu kuliko daraja. Kisha blanketi likavuliwa, na Prezida akasoma bamba lake mwenyewe kwa sauti: daraja hili limebuniwa na kujengwa na yeye, Prezida wa Chama. Jina lake lilichongwa kwa rangi ya dhahabu. Mama Riziki aliangalia viatu vyake.

Papa Kasongo alivuka kwa miguu, polepole, akalisoma bamba kwa kidole.

"Hii jina njo ya nani?"

"Yangu," alisema Prezida.

"Aksanti, Papa. Shuka basi chini, usimame, miye nipite na kamyo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Miye niko na bibi na batoto. Daraja ya zamani, ya mbele ya hii, ilivunjika ikakunywa kamyo ya ndugu yangu. Aliyeitengeneza asimame chini. Kama iko nguvu, ataogopa nini?"

"Sayansi haiombi mambo ya namna hiyo," alisema Prezida.

"Sayansi ishuke basi, Papa. Miye ninaingoja."

Prezida alitaja goti lake. Akataja presha. Akawageukia wanachama, akasema kazi ilikuwa ya wote. Wanachama wakakumbuka ghafla kwamba hawajawahi kufika Kabweza. Ndipo akasema, mbele ya kijiji kizima:

"Mimi nilitia sahihi tu. Aliyechora ni huyu stajiere. Aliyejenga ni huyu."

"Huyu ni nani?" Mama Riziki aliuliza. "Sema jina, Papa Prezida."

"Mama Riziki."

"Jina yote."

Prezida alimtazama katibu wa chama. Katibu alitazama mto.

"Riziki Mwilambwe," alisema yeye mwenyewe, akavua viatu, akashuka.

Mimi, msifu madaraja, nilibaki ukingoni na wenye presha. Kamyo iliunguruma, ikapanda. Changarawe kidogo zilidondoka majini. Mama Riziki alisimama katikati, maji magotini, uso juu, akiangalia zege lake likipitiwa na mihogo ya kijiji kizima. Halikulia hata kidogo. Wamama walipopiga vigelegele, wa kwanza kushika mikro alikuwa Prezida: "Daraja letu!"

Tukirudi, katibu aliuliza kama aandike maneno yale, "nilitia sahihi tu", ndani ya raporo, taarifa ya safari. "Yalisemwa nje ya ajenda," Prezida alijibu, akalala.

Lakini Papa Kasongo alifika Kalemie na mihogo yake, akaegesha mbele ya ukumbi wa chama wakati wa mkutano, na juu ya mihogo walikaa watu wa Kabweza. Hawakupiga kelele. Waliingia tu, wakakaa viti vya nyuma, wakasema: "Sisi tulisikia." Mama Riziki akapitishwa kuwa mwanachama kamili kwa kura zote, na Prezida akaeleza kwamba wazo hilo lilikuwa lake.

Siku hiyo hiyo mwanachama mpya alipendekeza kifungu kimoja: mwenye jina juu ya bamba asimame chini ya kazi yake. Kimepelekwa kwenye kamati. Ndugu wasomaji, niliondoka nikidhani nchi yetu inakosa madaraja kwa kukosa sima ya zege. Sasa najua zaidi: tangu kifungu kile kisomwe, mchonga mabamba wa Kalemie hajapata kazi hata moja ya chama.