Maji Yanajaa, Asanteni

Nilikwenda Ozi, kijiji kilicho karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini, kwa sababu ya neno moja la shukrani.

Kazi yangu Nairobi ni kuchunga kompyuta nisizoziona kwa macho. Ni seva za kukodi, ziko mbali, tunaziita wingu. Zinapokea vipimo vya maji kutoka kwa vyombo vilivyofungwa kando ya Mto Tana, kisha zenyewe hutuma ujumbe kwa simu za wanavijiji. Mimi hukaa mbele ya dashibodi. Mambo yakienda sawa alama ni ya kijani; yakikwama ni nyekundu, na hapo simu yangu hainipi raha.

Mafuriko ya kwanza ya msimu huu yalipokuja, alama zote zilikuwa za kijani. Kipimo cha Kulesa, huko juu ya mto, kilisoma vizuri. Ujumbe ulifika Ozi mapema, mchana kweupe: "Maji yanajaa. Kuweni tayari." Mtu mmoja akajibu, "Asanteni. Twayangoja." Mfumo wetu huhesabu jibu lolote kuwa dalili kwamba mtu ameelewa, basi naye akapata alama yake ya kijani. Baadaye tukasikia kwamba Ozi haikuhama hata nyumba moja, na kwamba yule aliyejibu, mkulima aliyeitwa Athumani, amekufa maji.

Ofisini walisema watu wa huko ni wabishi. Nilikasirika. Mbishi hasemi asante. Nikaomba ruhusa, nikafunga mkoba.

Nililala Malindi, na asubuhi nikashika njia ya Garsen. Barabara ilikuwa imekauka juu lakini pembeni mashamba yalikuwa tope tupu, na mahindi yamelala yakitazama upande mmoja. Pale Garsen nilikodi gari la Guyo, Mworma mwenye sauti ya taratibu, anipeleke Kipini.

"Wewe nakwenda Ozi sasa?" aliniuliza. "Hii maji bado haijaisha, mama. Huko Hola imeanza kupanda tena. Sisi ng'ombe tumeshatoa."

Nilifungua dashibodi kwenye simu. Alikuwa amesema kweli. Mstari wa Kulesa ulikuwa unapanda, na ukivuka alama tuliyoiweka, wingu lingetuma ujumbe bila kumwuliza mtu. Ujumbe uleule. Nikampigia Wanjiru, mwenzangu wa zamu.

"Niuzuie?" akauliza.

"Ukiuzuia hawatapata onyo lolote. Uache kwanza."

Nilikata simu nikiwa sina hakika kama nimesema la maana.

Kipini nilipokelewa na Shee, mdogo wake Athumani, aliyekuja na boti ya injini. Hakunisalimia kwa maneno mengi, wala sikumlaumu. Tulipanda mto. Ukingoni palikuwa na magodoro yaliyoanikwa juu ya vichaka, na mahali pamoja mlango mzima wa nyumba ukiwa umenasa kwenye mikoko.

Ozi tulifika kabla ya adhuhuri. Shee alinipeleka hadi mlangoni kwa shemeji yake, Bi Rehema, akabaki nje, kwa kuwa mjane yuko edani na haonani na wageni wanaume. Mimi nikaingia. Alikuwa ameketi mkekani, amevaa nyeupe. Nyumba ilinuka tope. Simu ya marehemu ilikuwa imening'inizwa msumarini, imeunganishwa na betri ya sola, inachajiwa.

Nilimpa pole. Kisha nikamwuliza kama mumewe aliuona ujumbe wetu.

"Aliuona. Alinisomea hapa hapa. Akafurahi."

"Alifurahi?"

"Mpunga wetu hunwa maji ya mto, mwanangu. Bahari ikijaa, yausukuma mto nyuma, maji matamu yapanda mpaka kwenye mifereji. Maji yakijaa twafungua, yakipwa twafunga. Ndiyo kazi yetu, toka kwa babu zetu. Mbegu zilikuwa zina kiu. Akasema, leo hata watu wa serikali watujulisha maji, akawajibu asante. Akachukua jembe akenda kufungua mfereji. Wakaniletea maiti yake na jembe."

Sisi si watu wa serikali, lakini hilo halikuwa la kusahihishwa pale. Nilikumbuka kikao ambacho neno mafuriko liliondolewa ili lisizue taharuki, likawekwa yanajaa, jepesi zaidi.

"Nami ningefungua," Bi Rehema alisema. "Usilie. Nambie tu, kuna maji mengine?"

"Yapo. Yamepita Hola. Tuandikeje, Bi Rehema?"

"Kujaa kwetu ni kwa bahari. Andikeni maji ya bara. Maji ya bara hayangojwi."

Mtandao wa laini yangu ulishika gatini tu. Nikasimama hapo na kumpigia mkuu wetu, akasema mabadiliko ya maneno yasubiri kikao. Nilimjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kazini. Akaniambia, "Haya, badilisheni." Wanjiru aliandika nikimsomea: "Maji ya bara yanakuja. Msifungue mifereji. Hameni."

"Na namba ya Athumani?" aliuliza. "Niiondoe kwenye orodha?"

"Iache."

Alasiri mstari ulivuka alama. Simu zililia nyumba hadi nyumba, na mara hii nikaona watu wakitoka na magunia vichwani. Nilikuwa nimerudi kwa Bi Rehema; ile ya msumarini nayo ililia. Bi Rehema aliitoa, akasoma, akairudisha mahali pake.

"Dharura yaruhusu, shemeji," Shee alimwita kutoka nje. "Twende Kipini."

"Nitaangalia," alisema. "Nyumba hii ndiyo aliyoniacha nayo."

Nilimsihi mpaka maneno yakaniishia. Shee alikuwa akivusha wazee, akataka niende nao niwashikilie botini, basi nikaondoka na safari ya kwanza nikiwa na roho nzito.

Asubuhi yake nilikuwa nimerudi Garsen, nasubiri basi. Chini ya daraja mto ulikuwa mwekundu, umebeba magogo. Wanjiru akanitumia picha ya dashibodi. Namba ya Athumani imejibu: "Twahama." Pembeni yake, alama ya kijani.

Zamani hapo ningefunga simu. Nimejifunza kwamba rangi ile hunieleza tu kuwa maneno yamefika, na Athumani aliyapata yote. Nikapiga namba ile. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Bi Rehema, uko wapi?"

"Kipini, mwanangu. Nimekuja na jembe lake."