Kila Pistoni na Mzee Wake

Juzi nilikuwa gereji moja pale Tarime, nasubiri kuzibiwa pancha, mzee mmoja akaleta pikapu yake inayofuka moshi kama kuni mbichi. Jumamosi inatakiwa ikamchukue bibi harusi wa mwanawe kule Issenye.

"Shikamoo mzee," fundi akasema. "Tufungue juu tu, au tushushe injini yote?"

"Marahaba. Nyinyi mafundi mnatoa kizima, mnarudisha kibovu. Nimekuja na wadogo zangu wanne. Fungua vitu vinne, kila kimoja kiwe na mlinzi."

"Mzee, pistoni peke yake ni nne!"

Mzee akatoa simu, akahutubia kwa Kikurya. Haikupita saa, bodaboda tatu zikashusha mashemeji kutoka Kemambo. "Haya, sasa ishushe yote!"

Benchi likajaa wazee, kila mmoja amepakata chuma chake kama mtoto wa kubatizwa. Fundi alipochomoa chuma kikubwa cha katikati, kizito kama ndama, walinzi walikuwa wamekwisha. Macho yote yakanigeukia.

"Wewe wa pancha, shika!"

Nikashika, na shati langu jeupe.

Jioni wakati wa kufunga, pistoni ya tatu haikuwepo. Mlinzi wake alikumbuka msiba huko Susuni, na kwa kuwa ni mwaminifu, hakuiacha. Aliondoka nayo, na simu kazima.

Bwana harusi ndiye aliyetumwa kumsaka baba yake mdogo. Fundi hakuiba hata skrubu, nashuhudia. Kimepotea kitu kimoja tu, tena pamoja na mlinzi wake.