Motoka ya Papa Ilipoacha Kulia

Enzi zetu pale Kadutu, na nyinyi wa rika langu mtanisahihisha nikikosea, motoka haikufika nyumbani kwa siri. Mteremko ulikuwa mkali, barabara ilikuwa mawe na matope, na motoka nyingi zilikuwa zimezeeka kabla sisi hatujazaliwa. Kila moja ikishuka ilipiga kelele ya breki, na kila kelele ilikuwa na mwenyewe. Baada ya shule tulikaa juu ya ukuta wa jirani, bado tumevaa sare yetu nyeupe na bluu, tukishindana kubahatisha. Ile inayokohoa kwanza kisha ikalia ni ya muuza mbao. Ile nyembamba, inayoingia mpaka kwenye meno, ni ya mwalimu wa kwaya. Aliyekosea alitoa kipande chake cha muwa. Kaka yangu Bahati alikula muwa mwingi kuliko sisi wote, na mpaka leo anajidai kwamba alikuwa na masikio ya pekee.

Papa yetu alikuwa na pikapu iliyoleta ndizi na unga wa muhogo kutoka Nyangezi mpaka soko la Kadutu. Breki zake zililia kama mtoto wa nguruwe anayekamatwa. Hapo hapakuwa na mashindano, hata watoto wanaonyonya waliijua. Jioni Maman alikuwa ameshakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa mawese, harufu imejaa uani, na maji yanachemka kwenye sufuria, lakini unga hakuugusa. Alingoja. Pikapu ikilia tu pale kona ya juu ya nyumba, alimwaga unga ndani na kuanza kusonga, huku anatupigia kelele: "Papa yenu iko ku kona! Muondoe madaftari ku meza!" Mpaka Papa aegeshe, ateremke kile kijia chetu cha ngazi za udongo na kunawa mikono, bugali ilikuwa mezani inatoa mvuke. Hatukuwa na simu. Vijana wa siku hizi wanakuandikia "niko karibu kufika" na bado wanatafuta viatu chini ya kitanda, lakini ile kona haikuwahi kutudanganya.

Basi jioni moja Papa alitokea mlangoni bila kelele yoyote. Alikuwa anatabasamu. Maman alikuwa bado anachambua mboga za lengalenga, maji hata hayajapata moto.

"Motoka umeiacha wapi?" Maman akauliza.

"Iko pa kona."

"Sikuisikia."

"Nimebadilisha plaketi za freni," Papa akasema, yaani vile vibao vinavyobana diski za magurudumu, na kwa kweli alikuwa anangoja pongezi. "Sasa inanyamaza kabisa."

Maman akaweka lengalenga chini. "Na nani alikuomba uinyamazishe?"

Jioni ile tulikula viazi vitamu vilivyobaki asubuhi, baridi. Mimi sikuelewa. Papa alikuwa ametengeneza kitu kibovu, na nyumba ikaharibika. Kesho yake mama wa jirani, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuja kumwambia Maman kwamba mwanaume akitafuta motoka isiyosikika ana nyumba mbili. Maman aliendelea na kazi zake. Ila kuanzia siku hiyo, jua likianza kushuka, alitoka nje na kusimama kwenye kile kijia, mikono kifuani, anatazama juu. Papa akifika, alimgombeza. Alimgombeza kwa kuchelewa, alimgombeza kwa kuwahi, mpaka tukachoka kutafuta kosa lilikuwa wapi.

Papa alijaribu kupiga honi pale kona. Maman akasema honi iko ya kila mutu. Papa akarudi kwa fundi kuomba plaketi zake za zamani, fundi akacheka mpaka akakaa chini: zilikuwa zimelika zikabaki chuma kitupu, na zile kelele zilikuwa chuma hicho kikikwaruza diski. Akamwambia amshukuru Mungu kwamba mteremko haukumchukua. Papa alipolisimulia hilo nyumbani, akidhani litamsaidia, mambo yakawa mabaya zaidi. Maman alifunga nguo zake ndani ya kikwembe na kusema anarudi kwao Nyangezi. Bahati alikalia kile kifurushi mchana kutwa, akakataa shule, akakataa chakula. Mimi niliogopa kiasi kwamba hata kulia sikuweza. Nilijiuliza ni jambo gani hili la watu wazima, mama kuacha watoto wake kwa sababu breki zimepona.

Maman hakuondoka. Alifungua kifurushi, akakifunga tena, wiki zikapita hivyo, na nyumba yetu ikawa ya watu wanaonong'ona. Kisha mvua zikaingia, matope ya Nyangezi yakaingia kwenye zile plaketi mpya na kuzila, na jioni moja tukiwa ukutani tukaisikia: sauti ya nguruwe yule yule, dhaifu kidogo, lakini yeye. Tulikimbia nyumbani. Maman alikuwa ameshamwaga unga, anasonga bugali kwa nguvu, anaimba. Hakuna aliyetueleza kitu. Tangu hapo ukawa mzaha wa familia, wivu wa Maman, na tulimtania nao kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata kwenye matanga ya Papa, ambapo Maman mwenyewe alicheka nasi.

Yote haya yamenirudia kwa sababu ya motoka yangu mwenyewe. Imeanza kulia. Binti yangu Neema aliniomba nimshushe mbali na lango la shule, wenzake wasisikie. Nikaenda kutafuta plaketi za kimya, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Enzi za Papa plaketi ilikuwa plaketi. Sasa muuzaji alinipangia maboksi mbele yangu na kuniambia, maana hapa kila mama huitwa Maman, "Maman, kamata hizi za keramiki, hautasikia kitu, hata vumbi hazileti." Mteja mwingine, ambaye sikumuuliza, akadakia: "Hizo ziko za batu ba barabara ya sawasawa. Ku milima yetu weka zile ziko na chuma mingi. Zitalia kidogo, lakini moto haizishindi, muteremuko hautakuua." Nikampigia fundi simu. Fundi akasema plaketi hazina kosa, tatizo iko diski. Nikanunua zenye chuma, nikafika nazo nyumbani, nikazirudisha. Nikaulizia tena. Muuzaji akaanza kuniita Maman Plaketi. Nilikuwa nauliza kuhusu kelele tu, kila mtu ananijibu kuhusu kifo.

Mwishoni nilichukua zile za keramiki, maana fundi aliapa kwamba kwa motoka ndogo isiyobeba mizigo zinatosha hata kwa mteremko wetu. Alisawazisha diski, akaweka vibati vyembamba nyuma ya plaketi ili zisitetemeke, akapaka grisi kwenye vyuma vinavyozishika, akanionya nisifunge breki kwa nguvu siku za kwanza mpaka zizoee diski. Motoka ikashuka kama imevaa soksi. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Jumapili baada ya misa nikaenda nayo Bagira kwa Maman, anakoishi siku hizi. Alikuwa uani ananyonyoa sombe, majani ya muhogo, mgongo kwa barabara. Nilipomwamkia alishtuka mpaka majani yakamwagika.

"Eh! Umefika na nini?"

"Na motoka, Maman. Nimeweka plaketi mupya. Inanyamaza." Nikacheka. "Usianze wivu tena."

Nilitegemea acheke. Alianza kuokota majani, moja moja, na nikaona hataki kunitazama.

"Mulisemaka niko na wivu," akasema. "Niliwaacha museme. Ningewaambia nini? Ningeambia batoto kwamba kila mangaribi niko naona papa yao ndani ya bonde, motoka juu yake? Ile barabara ya Nyangezi ilikula batu, weye ulikuwa mudogo. Freni ikilia pa kona, najua amefika, iko muzima. Kisha mikono yangu inaweza kusonga bugali. Aliponyamazisha ile motoka, kila siku nilimuzika mpaka anaingia ku mulango."

 Nilitaka kumwambia kwamba ile kelele aliyoipenda ndiyo iliyokuwa hatari, na ule ukimya uliomtesa ndio uliokuwa unamlinda Papa. Lakini hilo alilijua tangu fundi alipocheka. Alikuwa amelijua miaka yote, na bado aliimba siku breki zilipoharibika. Mimi bado siwezi kulipanga kichwani mwangu likakaa vizuri. Miaka yote tuliicheka hofu yake mbele yake, naye akatupakulia chakula.

Akamaliza kuokota. Ndipo akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza bei ya unga: "Na weye, kwako, nani anakusikilizaka?"

Nikasema kila mtu ana simu, Maman.

Jioni nilirudi kwangu Ibanda. Nikaegesha, nikaingia. Mume wangu alikuwa mbele ya televisheni, akaniinulia mkono. Neema alikuwa na vile vidude vyake masikioni, anatikisa kichwa. Chakula kilikuwa ndani ya sahani iliyofunikwa, kila mtu hula saa yake. Ni watu wazuri, wananipenda, sina la kulalamika. Nilisimama pale na funguo mkononi nikitaka kuwauliza kama ningechelewa kidogo zaidi, ni nani kati yao angekuwa ametoka nje kutazama barabara. Enzi zetu hakuna aliyehitaji kuuliza swali kama hilo. Mimi nilinyamaza, nikafunua sahani, nikala, kwa sababu niliogopa watanijibu.