Bonsu Apanda Abotan kwa Rivasi

Dufie alikuwa mke wa dereva Bonsu na utingo wake pia. Utingo wote waliowahi kuajiriwa aliwafukuza kwa kusinzia, akapanda lori mwenyewe. Hofu yake kubwa ilikuwa kilima cha Abotan. Lori lao la Bedford, kongwe kuliko ndoa yao, lilikuwa likifika katikati ya kilima, linachoka, linaanza kurudi. Hapo Dufie huruka chini na kabari ya mti, akailaza nyuma ya gurudumu, huku wauza ndizi juu ya mizigo wakiwaita mababu zao kwa majina.

Mwishowe Eno Birago, malkia wa wauza ndizi, akatoa neno.

"Bonsu, shemeji yangu, nakupenda. Lakini lori lako likiturudisha tena pale Abotan, tunahamia lori la Frimpong. Sisi tunauza ndizi, hatuuzi roho."

Bila wauza ndizi lori lisingekuwa na mzigo, na Bedford ndilo lililowalisha. Dufie akamburuta mumewe hadi gereji za Suame, kwa fundi Poku. Poku akashusha giaboksi ya zamani, akapachika ya Kijapani yenye gia tano. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake, ikabidi akate shafti, asogeze vyuma vya kuibeba na kutoboa sakafu upya. Mkono wa gia ukachomoza karibu kabisa na paja la Bonsu.

"Huu unanipapasa," alisema Bonsu.

"Utauzoea, mzee."

Poku mwenyewe ndiye aliyelileta lori hadi stendi, wauza ndizi walikokuwa wakisubiri. Kisha akatoa somo. Kumpa mzee mgongo ni utovu wa adabu, kwa hiyo alisimama uso kwa uso na Bonsu, akaonesha hewani kwa mkono wa kulia.

"Ya kwanza, hivi." Akauvuta mkono kifuani kwake. "Rivasi, hivi." Akausukuma kuelekea tumbo la Bonsu.

Bonsu aliona mkono ukimkimbia kwa gia ya kwanza na kumjia kwa rivasi, yaani ya kwanza ni kusukuma, rivasi ni kuvuta. Akaridhika, maana hata gia ya kwanza ya zamani ilikuwa ya kusukuma.

"Nimeshika. Nilianza kuendesha kabla wewe hujaota meno."

Dufie, aliyesimama ubavuni mwao, aliona kitu hakijakaa sawa. Lakini mume hasahihishwi mbele ya stendi nzima. Poku akaenda zake.

Ndizi zikapakiwa, wanawake wakapanda. Bonsu akakanyaga klachi, akasukuma gia. Lori likarudi nyuma kwa utulivu mkubwa, likalala juu ya meza ya muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi.

"Linanyoosha miguu," alisema Bonsu. Akasukuma tena. Likarudi tena.

"Bonsu, ndizi zangu zinakwenda sokoni au zinarudi shambani?" aliuliza Eno Birago, mguu mmoja tayari uko nje. "Frimpong, una nafasi?"

Dufie akainama karibu na sikio la mumewe. "Mume wangu, weka rivasi."

"Tumerudi nyuma mara mbili, wewe unataka ya tatu?"

"Weka tu."

Bonsu akatoa kichwa dirishani. "Mlio juu huko, mke wangu anasema niweke rivasi. Mkifa leo, mkamuulize yeye." Kwa hasira akauvuta mkono wa gia.

Lori likaenda mbele.

Likaondoka stendi likinguruma, Eno Birago akiwahi kuuvuta mguu wake ndani, likakikabili kilima cha Abotan. Bonsu alishika usukani kwa mikono yote miwili, macho kwenye kioo cha nyuma.

"Tazama mbele, mume wangu."

"Mtu akiwa kwenye rivasi anatazama nyuma."

Katikati ya kilima Dufie alishika kabari yake. Lori lilipita pale likilia kama ng'ombe mwenye kiu, kobe angeweza kulipita, lakini halikurudi hata shubiri. Kileleni Eno Birago akagonga paa.

"Dufie, na kesho mtupandishe kwa rivasi hiyohiyo."

"Poku amefunga injini kinyume," alisema Bonsu. "Nilijua tangu mwanzo."

"Ndiyo, mume wangu," alisema Dufie. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bonsu, wote wawili wakitazama barabara, wakaitafuta gia ya pili.