Watu Waliovuta Bila Kupumua

Wacha niiseme mwenyewe, maana nimesikia mkiipamba hii hadithi huko kantini mpaka mnasema nililia. Sikulia. Macho yalitoa maji tu (kulikuwa na baridi, na mtu akikazwa kamba tumboni macho hutoa maji), lakini aibu niliipata, tena aibu ya mbele ya meneja, mchungaji na viwanda vitatu vya chai, na mpaka leo nikiona ukungu umeshuka natafuta sababu ya kubaki ndani.

Wakati huo nilikuwa kaimu msimamizi pale kwetu Meru, upande wa kupakia chai. Kaimu ni neno baya sana, jamani. Unavaa koti la mkubwa lakini hujui utaambiwa ulivue lini. Meneja aliniita ofisini akaniambia, "Mwenda, kuna michezo ya viwanda kule Embu. Wewe ndiye nahodha wa kuvuta kamba. Nataka nikuone ukiongoza watu, halafu tukirudi nitajua kama nikupe hiyo kazi kabisa ama nitafute mwingine." Nikatoka hapo natembea kifua mbele, hata sikumsalimia mtu.

Sasa, timu yetu ilikuwa na desturi. Wanane wanavuta, na Mama Kendi anasimama kando anapiga sauti. Mama Kendi ni yule wa kuhesabu magunia, na hata kazini tunafanya hivyo hivyo: tukisukuma mkokoteni kuingia kwa lori, anayesukuma haoni mbele, kwa hivyo yeye anasimama mlangoni, anaona huku, anaona kule, anaita "Pamojaaa, haya!" na sisi tunasukuma. Akinyamaza, tunasimama. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mimi nikajiuliza, meneja akiangalia uwanjani atamwona nani anaongoza? Nahodha kimya, mama ndiye anasikika? Haiwezekani. Asubuhi ya safari nikatangaza kwamba sauti nitapiga mimi, tena nikiwa yule wa nyuma kabisa aliyejifunga kamba kiunoni, na Mama Kendi aingie kwenye kamba badala ya mwenzetu mmoja aliyekuwa na mafua. Mama Kendi akaniangalia juu mpaka chini.

"Na nani ataona, Mwenda?"

"Mama, ni kamba tu. Kuna nini cha kuona?"

Hayo ndiyo maneno niliyosema, na Koome, mwenzetu wa kamba, ni shahidi, hachoki kunikumbusha.

Tulipofika, uwanja (uko juu kabisa, chai upande huu, msitu wa Mlima Kenya upande ule) ulikuwa umemezwa na ukungu, ukinyoosha mkono huoni vidole. Mlinzi wa getini, mzee mmoja wa huko Embu, akatuambia tungoje jua. Akasema uwanja huo ukiwa na ukungu watu husikia mchezo ukichezwa ndani, na wakiingia hawakuti mtu. Koome akacheka, lakini alicheka peke yake. Mimi nikasema tutangulie kwenye kamba, ili wale wa Embu wakija watukute tumesimama tayari, waogope. Tukatembea tumeshikana mabega mpaka tukaikanyaga. Ilikuwa imelala kwenye nyasi, imelowa, mwisho mmoja uko miguuni petu na mwingine umeingia kwenye ule weupe.

Nikajifunga. Wengine wakashika. Na walipoinua tu, kamba ikajikaza yenyewe.

Upande ule hakuna aliyesema neno. "Wameshafika," nikanong'ona (mwaka uliotangulia hao hao walitushinda bila kutoa sauti hata moja, kwa hivyo nilijiambia ni tabia yao). Mara filimbi ikalia, fiii, ndefu, sikujua imetoka wapi.

"Vuta!"

Tukavuta. Kamba ikaja kidogo, halafu ikarudi. Polepole, bila mtu kuguna, bila kiatu kuteleza. Inakuja, inarudi, inakuja, inarudi. Nimevuta kamba tangu shule ya msingi na najua watu wakivuta unawasikia, wanakohoa, wanatukana, wanaita mama zao. Huku kulikuwa na kitu kinalia tu kwa mbali, kwiii, kwiii, kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Mama Kendi, aliyekuwa mbele kabisa, akageuza kichwa. "Mwenda, hawa watu hawapumui."

"Vuta, mama."

"Nakwambia hawapumui! Wacha niende nikaone."

"Mtu asiachie! Ukiachia tumeshindwa!"

Nilisema hivyo kwa ukali, lakini wenzangu, mimi mwenyewe nilitaka kukimbia. Ningekimbilia wapi na kamba iko kiunoni? Na lile koti la mkubwa ningelivaaje tena nikionekana natoroka ukungu?

Ndipo tukasikia sauti. Watu wengi, chini chini, wananung'unika pamoja. Halafu mwanamume mmoja, taratibu, sauti inakatika katika: "...na huyu Mwenda... tunamweka mikononi mwako..." Na wale wengi wakaitikia, "Amina."

"Murungu!" Koome akamlilia Mungu kwa Kimeru. "Wamekujua jina!"

Nilijua nimekwisha. Nilijua hayo ni mazishi yangu na mimi ndiye ninayejivuta kwenda. Nikapiga "Vutaaa!" ya mtu anayeona kaburi, na wale saba, kwa woga, wakavuta kuliko walivyowahi kuvuta maisha yao yote. Kitu kikalia kraa! Kamba ikaja yote, tukaanguka chali, na mimi, kwa furaha na kwa kiwewe, nikapaza sauti mpaka msituni: "Tumewaangusha! Wako chini wote!"

Wanawake wakapiga mayowe, upepo ukaja, ukungu ukainuka kama pazia, na mbele yetu hema la wageni lilikuwa limelala chini, na vichwa vinatembea chini ya turubai vikitafuta njia ya kutoka.

Waliosimamisha hema walikosa kamba, wakaazima hii ya mchezo, wakafunga nguzo ya katikati, na sehemu iliyobaki wakaiacha imelala uwanjani. Upepo ukijaza hema, kamba inaenda, ukitulia, inarudi. Na wageni walikuwa wameanza na maombi, kama kawaida yetu, wakiwaombea manahodha mmoja mmoja kwa jina. Meneja akatoka kwa magoti, shati limejaa chai. Mchungaji bado alikuwa chini ya turubai, tukamsikia akimalizia ombi lake. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema.

Nikaamua kukimbia. Hatua tano, kamba ikanirudisha chini mbele ya watu wote, maana fundo lilikuwa limelowa likakataa kufunguka. Ni Mama Kendi aliyekuja akalifungua kwa meno. Hakusema "si nilikwambia." Alisema tu, "Tulia, kijana wangu. Pumua." Hapo ndipo macho yalipotoa maji, sawa, nimekubali.

Meneja akauliza, "Kazini huwa ni nani anawaitia hawa watu?" Macho yote yalimwendea mama. Akasimama kando, akapiga sauti, yule wa mafua akarudi kwenye kamba, mimi nikavuta katikati kama mtu yeyote, na Embu tukawashinda mara mbili mfululizo. Wiki iliyofuata Mama Kendi akawa msimamizi, akalivaa lile koti, na ukweli usemwe, lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Iliniuma sana. Bado inauma kidogo siku za mshahara.

Lakini kuna kitu sijawahi kuwaambia. Jioni ile tukiondoka nilimwendea yule mlinzi wa getini nikamwomba msamaha, nikamwambia tulidhani filimbi yake ya kuongoza magari ndiyo ya refa.

Akaniangalia. "Filimbi gani? Mimi naongoza magari kwa mkono. Na refa wenu alifika saa nne, hema limeshaanguka."

Kwa hivyo siku hizi nikiwa nyuma ya mkokoteni, magunia yamenizibia mbele, naweza kusikia filimbi, kengele, hata jina langu likiitwa, na sisukumi. Nangoja Mama Kendi aseme ameona nini.