Firigisi ya Shangazi

Mguu wa yule kuku niliuharibu mimi. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu nyumbani lilinichukua siku kumi na moja kulitamka, na katika siku hizo nusura mama na shangazi wanuniane na kuku apoteze kichwa.

Shangazi, dada yake baba, anaishi Hombolo. Ana zabibu kidogo na kuku wengi wanaojitafutia wenyewe. Nilikwenda kumsalimia, na siku ya kuondoka akanipa mtetea mwekundu. Kwake mgeni haondoki mikono mitupu. Akamfunga miguu kwa kipande cha khanga kuukuu, fundo moja, legelege, kama mtu anayefunga fungu la mchicha.

Mimi fundo moja haliniingii akilini. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, kisha narudi tena kuhakikisha kwamba nilipousukuma sikuufungua. Kwa hiyo shangazi alipoingia ndani kunitafutia karanga za njiani, nikamfungua kuku na kumfunga upya kwa kamba ya manila, mafundo manne, na la tano la kuhakikisha. Juu yake nikarudishia khanga ya shangazi, ili asijisikie vibaya.

Nilipata lifti kwenye gari lililobeba kreti za zabibu. Njia nzima kuku alikaa kimya, nami nikajipongeza moyoni. Nilipofika kwetu Msalato ilibidi nitafute mkasi ili nimfungue. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba. Akajaribu kuukanyagia, akaghairi, akasimama kwa mguu mmoja akinitazama kwa jicho moja, na jicho hilo lilikuwa linajua kila kitu.

Mama akatoka jikoni. "Mbona anachechemea?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nikasema, "Sijui, mama. Nadhani ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo," mama akarudia taratibu. "Yaani kuku wote wale, wifi yangu kaona anipe mimi kilema."

"Labda hakuona. Si ana macho mabaya?"

"Wa kumpa mtu mwingine angemwona." Akamzunguka kuku mara moja, kama anayekagua nguo ya mtumba. "Na hayo macho si anayaleta kliniki? Jumapili ya wiki ijayo atafikia hapa. Basi tutamchinjia huyu huyu. Ale zawadi yake."

Baba angekuwepo angewapatanisha, lakini yuko Mtera kikazi, na mchango wake katika mambo ya nyumbani huwa ni samaki wakavu anaotuma kwenye mfuko.

Mtu wa kawaida angekiri jioni ile ile. Mimi nilipiga hesabu nyingine: nikimponya kuku kabla ya Jumapili, hakutakuwa na kilema, na kama hakuna kilema basi hakuna tusi, na kama hakuna tusi hakuna sababu ya kisu. Kukiri kungekuwa na hatua moja tu. Mpango wangu ulikuwa na hatua kumi na mbili, na niliziandika kwenye daftari kwa kalamu mbili za rangi tofauti.

Mimi ni fundi cherehani wa kujifunza mwenyewe. Kushona nilijifunza kwa video za kwenye simu, na sasa nikajifunza kuku kwa njia hiyo hiyo. Asubuhi nilimkanda mguu kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Mchana nilimpaka utomvu wa mshubiri. Nilimlaza kwenye boksi lenye matambara, nikamlisha uwele uliolowekwa, kisha nikakaa kumtazama kama anatafuna vizuri, mpaka nilipokumbuka kwamba kuku hatafuni.

Siku ya tatu nilikwenda duka la dawa za mifugo.

"Una kuku wangapi?" muuzaji akauliza.

"Mmoja."

"Mia moja?"

"Mmoja tu."

Akaweka kalamu chini. "Wa mayai au wa nyama?"

"Hilo bado hatujakubaliana nyumbani."

Akaniambia niache kumshikashika. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikamshonea kiatu. Kilikuwa cha jinzi, ndani sponji, na kifungo pembeni. Cha kwanza nilikifumua kwa sababu kilibana, na kubana ndiko kulikotufikisha pale. Cha pili kilikuwa sawa kwa kuku ila mshono ulipinda, nikakifumua pia. Cha tatu alikivaa. Sare za wasindikizaji wa bibi harusi mmoja zilikuwa zimekunjwa kwenye kapu zikisubiri kola, na mimi nilikuwa kwenye vumbi la uani na tepu shingoni, nikihesabu hatua za kuku.

"Usimpe jina," mama alinionya kutoka dirishani. "Ukimpa jina hatutaweza kumla."

Sikumpa. Nilikuwa na orodha ya majina kumi na manne, na hakuna hata moja lililonitosheleza.

"Akipona je, mama?"

"Akipona atakuwa mtamu zaidi."

Mpango wangu ukaishia hapo, pamoja na rangi zake mbili.

Jumapili shangazi akafika, mtandio begani na mfuko wa karanga mkononi. Nikapokea mfuko. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Mama alikuwa amekwisha kubandika maji ya kunyonyolea. Walisalimiana kwa adabu nyingi mno. Kisha mama akaniambia, "Nenda kamwite jirani aje achinje." Jirani yetu ndiye anayechinja kwa mtaa mzima, ili yeyote atakayepita aweze kula. Nikafika getini, nikashika komeo, nikaliachia.

Wakati huo kuku akatokea nyuma ya nyumba, tip, tap, tip, tap, na kiatu chake.

Shangazi akakaza macho. "Huyo amevaa nini, au ndiyo macho yangu?"

"Kiatu, wifi," mama akasema. "Si ndiye uliyetuletea? Tulimpokea hivyo hivyo alivyo."

"Mimi?" Shangazi akavua mtandio. "Kuku huyo nilimkimbiza mpaka nikapoteza ndala. Alitoka kwangu mzima."

"Mtoto kasema ndivyo alivyo."

Wote wawili wakageuka. Nilikuwa nimeandika namna tatu za kukiri kwenye daftari, ya tatu ikiwa na utangulizi. Zote zikayeyuka.

"Ni manila," nikasema.

"Manila gani?"

"Nilimfunga upya. Chini ya khanga yako, shangazi. Mafundo manne." Nikaona nimalize. "Na la tano."

Shangazi akaketi kwenye kigoda akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, akijifuta yale macho aliyokuja kuyatibu. Mama hakucheka. Aliendelea kunitazama huku kisu kikining'inia mkononi.

"Siku kumi na moja," akasema, "namsema wifi yangu kwa majirani."

Shangazi akaacha kucheka. "Kwa majirani wangapi?"

"Wachache."

"Wachache wangapi, wifi?"

"Wa upande huu wa barabara tu."

Shangazi akaanza kucheka upya, na safari hii mama naye akashindwa. Lakini maji yalikuwa yanachemka, na mama hajawahi kumlisha mgeni mboga za majani peke yake. Akanyoosha mkono amchukue kuku. Shangazi akawahi kumpakata, akamgeuza, akakisogeza kiatu karibu na pua yake.

"Umekishona wewe?"

"Mshono wa kushoto haujanyooka," nikasema.

"Mimi siwezi kula kuku mwenye viatu," shangazi akamwambia mama.

"Na firigisi? Sitaki ufike Hombolo useme kwangu hukupewa firigisi." Firigisi kwetu ni ya mgeni wa heshima, na kumnyima ni habari inayosafiri haraka kuliko gari la zabibu.

Shangazi akanikabidhi kuku. "Firigisi yangu nitunzieni humo humo ilimo. Nitakuwa naiulizia."

Tukala ugali wa uwele na mlenda, na samaki wakavu wa baba. Majirani wa upande wetu wa barabara mama aliwapitia mmoja mmoja kesho yake, na mimi nikiwa nyuma yake kama ushahidi.

Shangazi anapiga simu kila Jumapili, wala haanzi kwa kuulizia hali zetu. Anataka kujua firigisi yake inaendeleaje, na mama humjibu kwa sauti ya muuguzi wa zamu.

"Imeamka vizuri, wifi. Inachechemea kidogo upande wa kulia. Leo imetaga, tena ndani ya kapu la sare za harusi." Akasikiliza, kisha akanitazama. "Yule wa manila? Yupo hapa. Anafumua kola mara ya tatu."