Mama Kiu

Miaka thelathini na mmoja mama alikuwa afisa ustawi wa jamii, na miaka yote hiyo mtaani hawakumwita jina lingine ila Mama Kiu. Kila nyumba aliyokwenda kukagua malezi ya watoto, hata kabla hajakalia kiti, aliomba maji ya kunywa. Ofisini walimtania kwamba atakufa maji kabla ya kustaafu.

Binti yake, mshonaji, alikuwa anaijua siri ya maji yale. Mama alimweleza zamani, wakikunja nguo. Nyumba hufagiwa mgeni akitarajiwa, na watoto huogeshwa na kufundishwa la kusema, lakini hakuna anayemfundisha mtoto namna ya kuleta glasi ya maji. Mama alitazama mtoto anampitiaje mkubwa aliyekaa, kwa karibu au kwa kuzunguka. Mengine yote, alisema, ni porojo.

Mara moja tu hakunywa maji. Mabomba yalikuwa makavu wiki nzima, jua la kuchoma, na baba wa nyumba ile, mtu mpole wa kuheshimika, akaenda mwenyewe dukani kumletea soda baridi. Mama akanywa, akashukuru, akaandika kwamba nyumba ni shwari, mtoto aliyekuwa ameondolewa arudishwe kwa baba yake. Wiki tatu baadaye akaitwa hospitali kuutambua mwili wa mtoto yule. Aliporudi alikaa jikoni bila kuvua viatu. Tangu hapo soda haikuingia tena nyumbani kwao, hata sikukuu.

Sasa kumbukumbu zimemtoka. Humwita binti yake mkuu, akidhani ni bosi wake wa zamani. Lakini maji bado anaomba kila anakofika, na binti alishazoea kucheka tu.

Jumamosi hiyo binti na mwanawe wa kike wa miaka saba walikuwa wahamie kwa mchumba wa binti, mwenye duka la dawa. Alhamisi akampeleka mama akaione nyumba. Mtoto walimkuta huko, maana wiki ile nzima mwenye duka alijitolea kumchukua shuleni. Kusema kweli binti alikuwa ameanza kuona vijambo. Mtoto alirudia kukojoa kitandani, na kila asubuhi tumbo lilimuuma. Binti alijiambia ni hofu ya kuhama. Mtu akichoka kulea peke yake hujiambia mengi.

Sebule ilikuwa inang'aa. Mwenye duka alimwamkia mama kwa adabu zote, akamshika mkono mpaka kwenye kochi. Mama hajakaa vizuri, akaomba maji.

"Maji ya nini, mama, na joto hili?" alisema mwenye duka. "Nimekuwekea soda."

Akaenda mwenyewe, akafungua mwenyewe, akamtia chupa mkononi. Mama aliitazama. Akaisukuma mbali hata soda ikamwagikia mapajani.

"Mkuu," akamwambia binti yake taratibu, "hii nilishakunywa."

Mwenye duka akacheka, akasema uzee huo. Binti hakucheka. Aliogopa, na alichokiogopa ni kile ambacho wiki nzima hakutaka kukijua. Akapaza sauti, akamwita mwanawe amletee bibi maji.

Mlango wa chumba ukafunguka kidogo. Mtoto akasimama kizingitini, hakumtazama mama yake wala bibi. Alimtazama mwenye duka, mpaka yule alipoinamisha kichwa kumruhusu. Ndipo akaenda jikoni. Kutoka jikoni hadi kwa bibi ni hatua nne, kupita mbele ya kiti cha mwenye duka. Mtoto alizunguka nyuma ya makochi yote, mgongo ukutani, glasi kaishika kwa mikono miwili.

Bibi akayanywa yote, akaweka glasi chini, akaukamata mkono wa mjukuu wake.

"Andika, mkuu. Mtoto asirudi hapa."

"Nimeandika, mama," binti akajibu. "Mwanangu, vaa viatu."

Mwenye duka aliuliza kulikoni, kwa sauti ileile ya upole. Kisha akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Binti akabeba mkoba wa shule begani, akamshika mama mkono huu na mtoto mkono huu, akamwendea palepale mlangoni.